Sentensi Ile Ilikuwa Yangu: Kufundisha Fasihi na Uandishi katika Darasa la Kiingereza

Hotuba hii niliitoa mbele ya kikao cha walimu wa Kiingereza. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakupata nafasi ya kufika. Michoro niliyoionyesha ukutani nimeiacha, maana haikuwa na jambo ambalo maneno hayakulisema.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi mnaoanza kazi hii mwaka huu,

Naomba nianze kwa kuungama. Jioni moja nilikuwa nimekaa na madaftari 40 ya insha za fasihi. Wanafunzi wangu walikuwa wamesoma hadithi fupi, nami nilikuwa nimewapa swali ambalo kila mmoja wetu hapa amewahi kulitoa: mwandishi ametumiaje lugha? Nikafungua daftari la kwanza, nikakuta sentensi ya Kiingereza safi kabisa inayosema kwamba mwandishi ametumia taswira ili kuifanya hadithi yake ivutie. Nikaweka alama ya vema. Daftari la pili, sentensi ile ile. La tatu, ile ile. Nilipofika la nane nikaanza kuchemka, nikijiambia kwamba watoto hawa wamenakiliana. Nikayapanga madaftari yote sakafuni, nikahesabu: sentensi ile ilikuwamo katika madaftari 31, mengine yakiwa yameikosea tahajia, lakini ni ile ile.

Kesho yake niliingia darasani nimekunja uso, nikauliza ni nani aliyeiandika kwanza. Kimya. Kisha msichana mmoja wa mstari wa mbele, pasipo kusema neno, alifungua daftari lake la maelezo, akaligeuza upande wangu, akaweka kidole kwenye mstari. Sentensi ilikuwa pale, na tarehe juu yake, imenakiliwa kutoka ubaoni kwa mwandiko mzuri. Sentensi ile ilikuwa yangu.

Ndugu zangu, hawakunakiliana. Walininakili mimi. Kwa muda wa wiki tatu sikuwa nimewafundisha kusoma hadithi; nilikuwa nimewafundisha sentensi za kusema baada ya hadithi kusomwa na mtu mwingine. Na siku ile nilijiuliza swali ambalo naomba nanyi mjiulize: mwanafunzi wangu anapoandika kuhusu fasihi, ni nani hasa anayeandika?

Katika shule nyingi tumelikata somo moja vipande viwili. Siku hii ni fasihi, siku ile ni uandishi. Siku ya fasihi mwanafunzi anaambiwa kwamba mwandishi mashuhuri alilichagua neno fulani kwa makusudi makubwa. Siku ya uandishi mwanafunzi huyo huyo anaambiwa ajaze kurasa mbili kuhusu faida za michezo, na hakuna anayemwuliza kwa nini amechagua neno hili akaacha lile. Ninachokuja kukidai mbele yenu leo ni kwamba kazi hizi mbili ni kazi moja, na kwamba mwanafunzi hawezi kuimudu moja wakati nyingine tumemfungia kabatini.

Tuanze na kusoma.

Katika miaka ya 1920, mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Cambridge, I. A. Richards, alifanya jambo rahisi ambalo liliwaaibisha watu wengi. Aliwagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawataka waandike walichokiona. Matokeo aliyachapisha mwaka 1929. Hawa walikuwa wanafunzi wa Kiingereza, wengi wao wakiwa wamezaliwa ndani ya lugha hiyo, katika chuo chenye sifa kubwa. Hata hivyo, idadi kubwa yao walishindwa kueleza maana ya wazi ya shairi, yaani nani anasema, anasema nini na anamwambia nani. Jina la mtunzi lilipoondolewa, mkongojo uliondolewa, na mwendo ukaonekana ulivyo.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kinatuondolea kisingizio. Tumezoea kusema kwamba wanafunzi wetu hawaelewi fasihi ya Kiingereza kwa sababu Kiingereza si lugha yao. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Lakini kama wenye lugha wenyewe walijikwaa pale pale, basi kuna jambo lingine, na jambo hilo ni kwamba kusoma kwa makini ni ufundi unaofundishwa.

Baada ya aibu yangu ya madaftari 31, nilijaribu njia ya Richards kwa kiasi kidogo. Nilichukua aya moja ya mistari sita, nikaondoa jina la mwandishi, nikauliza maswali mawili tu: umeona nini, na ni neno gani limekufanya uone hivyo? Ndani ya aya ile mtu anarudi nyumbani kwake usiku, na kuna sentensi hii fupi: "The door was closed." Mwanafunzi mmoja akasema amemwona mtu akifungiwa mlango usoni. Mwingine akasema la hasha, mlango ulikuwa umefungwa tu, kama milango yote inavyofungwa usiku. Nikataka kuamua, nikajizuia. Wakabishana. Hatimaye kijana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akatamka sentensi mbili za Kiswahili: mlango ulifungwa, mlango ulikuwa umefungwa. Darasa likanyamaza, maana wote waliona jambo lile kwa pamoja. Kiswahili kinakulazimisha uchague kati ya tendo na hali. Sentensi ile ya Kiingereza ilikuwa imeacha pande zote mbili wazi. "Basi," akasema yule kijana, "mwandishi hataki tujue kama amefukuzwa." Tukarudi kwenye aya kutafuta ushahidi, neno kwa neno, kwa dakika 30 nzima.

Mistari sita, dakika 30. Je, nilipoteza muda? Najua kuna mwalimu hapa anahesabu kimoyomoyo ni sura ngapi angekuwa amemaliza. Mimi nasema kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza mwaka ule, darasa langu lilifanya uhakiki, na sikuwa nimeandika chochote ubaoni. Angalieni pia kwamba lugha yao ya kwanza haikuwa kikwazo; ndiyo iliyowapa darubini. Miongozo ya fasihi, nayo, sina ugomvi mkubwa nayo. Ugomvi wangu ni na mwanafunzi anayeusoma mwongozo kabla ya hadithi, na mwalimu anayemruhusu, nikiwamo mimi wa zamani.

Jambo langu la pili linahusu makosa, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1977 alichapisha kitabu mwalimu mmoja wa Marekani, Mina Shaughnessy, aliyefundisha City College jijini New York baada ya vyuo vya umma vya jiji hilo kufungua milango mwaka 1970 kwa wanafunzi ambao zamani wasingekubaliwa. Walimu wengi walizitazama insha za wanafunzi hao wakaona fujo tupu. Yeye alikaa na insha zipatazo 4,000, akazisoma kama mganga anavyomsikiliza mgonjwa, na akasema jambo ambalo naomba mlichukue mwende nalo: makosa yana mantiki. Mwanafunzi hakosei kama upepo unavyovuma. Anafuata kanuni, ila kanuni yenyewe siyo ile ya ukurasani.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyeandika insha kuhusu mama yake. Kila mara alipomtaja aliandika "he". Mama yake "he" aliamka, "he" akawasha moto, "he" akaimba. Nilizungushia duara nyekundu saba katika ukurasa mmoja, na juu yake nikaandika, kwa hasira ya mwalimu aliyechoka, kwamba aache uzembe. Je, alikuwa mzembe? Nilipomwita na kumwuliza, alinijibu kwa utulivu ulionishinda: "Mwalimu, nikimfikiria mama, ninafikiria aliamka. Hiyo A haina mwanamume wala mwanamke."

Duara saba, na hakuna hata moja iliyokuwa imelisema jambo hilo. Mtoto alijua kabisa kwamba mama yake ni mwanamke. Kiambishi kimoja katika lugha yake humbeba kila mtu, naye alikuwa anatafuta kiwakilishi kimoja cha Kiingereza cha kufanya kazi hiyo hiyo. Angeweza kuandikiwa "she" mara mia na kesho akarudia.

Badala ya kumpa yeye mazoezi ya viwakilishi, nililipa darasa zima kazi ya uandishi. Nikawaambia: andikeni kwa Kiingereza kisa cha nusu ukurasa chenye mhusika mmoja, na msomaji asiweze kujua mpaka mstari wa mwisho kama mhusika huyo ni mwanamume au mwanamke. Kwa Kiswahili kazi hii ni nyepesi kama kupumua. Kwa Kiingereza ni mtego kila hatua. Wengine walirudiarudia "the neighbour" mpaka sentensi zikakwama kooni. Wengine wakaligundua "I", wakaona kwamba msimulizi wa nafsi ya kwanza anaweza kujificha ndani ya sauti yake. Mmoja akatumia "they", tukaingia katika mjadala kama inaruhusiwa kwa mtu mmoja, nami nikawaeleza kwamba Kiingereza kimeitumia hivyo tangu karne ya 14, ingawa wapo wasahihishaji wasioipenda. Na yule wa duara saba, mwenye mama aliyeitwa "he", akaandika sentensi hii: "A hand pulled the curtain."

Itazameni sentensi hiyo. Mkono ulivuta pazia. Mkono wa nani? Ameuondoa mwili wote akabakiza mkono, ili asilazimike kutaja mwenyewe ni nani. Hofu imeingia katika kisa bila kutajwa. Waandishi wa hadithi za kutisha huishi kwa ujanja huo, na mtoto huyu aliufikia kwa sababu alikuwa anakimbia kiwakilishi. Wiki iliyofuata tulisoma hadithi yenye mhusika asiyeonekana vizuri, na yeye ndiye aliyenyoosha mkono kwanza kueleza jinsi mwandishi alivyomficha. Alikuwa amejificha humo mwenyewe. Alizijua njia zote za kutorokea.

Na "he" na "she"? Hazikupona siku moja, nisiwadanganye. Lakini zilipungua sana, kwa sababu kwa majuma mawili wanafunzi walikuwa wakiviwinda viwakilishi kama mtu anayetafuta kupe katika sikio la mbwa.

Kuna atakayeniambia: mwalimu, kwa hiyo tuache sarufi? Sisemi hivyo. Ninachosema kilishasemwa na ripoti iliyotolewa Marekani mwaka 1963, iliyopitia utafiti uliokuwapo kuhusu ufundishaji wa uandishi: kufundisha sarufi rasmi peke yake kunaboresha uandishi kidogo sana au hakuuboreshi kabisa, na kunaweza hata kuudhuru, kwa kuwa kunakula muda wa kuandika kwenyewe. Chukueni mfano mwepesi. Nawapa wanafunzi sentensi tatu: "The boy stood up. He was angry. He said nothing." Nawaambia waziunganishe ziwe moja. Mmoja anaandika "The boy stood up, angry, and said nothing." Mwingine anaandika "Though he was angry, the boy stood up and said nothing." Kisha nauliza: kijana gani mnamwogopa zaidi? Watabishana, na katika ubishi huo watajifunza kazi ya "though" kuliko jedwali lolote la viunganishi litakavyowafundisha, kwa sababu wameona kwamba neno hilo linamweka kijana chini ya utawala wa nafsi yake, wakati sentensi ya kwanza inamwacha amesimama na hasira yake mkononi. Hiyo ni sarufi. Ni uandishi pia, na ni fasihi.

Jambo la tatu, walimu wenzangu, ni gumu kulisema mbele ya watu wazima. Ni lini mara ya mwisho uliandika insha mbele ya wanafunzi wako? Sisemi kuwaandikia mfano nyumbani ukaja nao umenyooka. Nasema kuandika wakiwa wanakuangalia, bila kujua sentensi inayofuata.

Mwalimu wa useremala hushika randa. Mwalimu wa muziki hupiga ala. Mwalimu wa uandishi, kwa ajabu isiyoelezeka, hutoa mada ubaoni akaketi.

Ernest Hemingway, katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958, alisema ukurasa wa mwisho wa riwaya yake moja aliuandika upya mara 39 kabla ya kuridhika. Mara 39! Nilipowaambia wanafunzi wangu, walidhani ni adhabu. Mmoja aliuliza alikuwa amekosea nini. Swali hilo halinitoki kichwani, kwa sababu lilionyesha kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kuwa kuandika upya ni adhabu ya aliyekosa. Aliyefaulu hupewa alama na kuambiwa aendelee. Aliyeshindwa ndiye anayeambiwa rudia.

Basi nikachukua chaki. Niliwaambia nitaandika aya moja kumhusu baba yangu, na wao watauliza. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba baba yangu alikuwa mtu mwema. Sauti kutoka nyuma ikauliza: mwema vipi? Swali hilo nimeliandika kando ya insha za watu kwa miaka mingi, wala sikuwahi kuonja ladha yake. Nikafuta. Nikaandika kwamba alikuwa mpole na mwenye nidhamu. Wakauliza: ulijuaje? Nikafuta tena, na sasa vumbi la chaki lilikuwa limenijaa mkononi na nilikuwa nimeanza kutokwa jasho. Nilisimama kimya kwa muda ambao ulionekana mrefu sana. Kisha nikakumbuka kwamba baba alikuwa akilikunja gazeti mara nne kabla ya kuanza kulisoma, akasoma robo ile, akaligeuza, akasoma robo nyingine, ili lisimzuie kuona mlango watoto wanapoingia. Nikaandika hilo. Hakuna aliyeuliza kitu. Kisha mwanafunzi mmoja akasema kwamba neno "mwema" halihitajiki tena, nami nikaona kwamba lilikuwa limeshaondoka lenyewe.

Aya ile ilinichukua kipindi kizima, na bado haikuwa nzuri. Kiingereza changu kilichechemea mahali pawili, na mmoja wao akaniambia. Lakini tangu siku ile rasimu za wanafunzi wangu zilianza kuja na mistari iliyokatwa, mishale na maneno yaliyopachikwa pembeni, na mimi nikaacha kukata alama za usafi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Janet Emig aliwaketisha wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho wa sekondari, akawataka waseme kwa sauti yale yaliyowapitia kichwani wakiandika. Aliona kwamba kuandika hakufuati ngazi zile tunazoziandika ubaoni za kupanga, kuandika na kusahihisha. Mwandishi hurudi nyuma, hukwama, huruka mbele. Ukimlazimisha mwanafunzi apande ngazi zako moja baada ya nyingine, atakuandikia mpango baada ya kumaliza insha, ili usigombe. Sote tumeiona mipango hiyo.

Sasa niseme kidogo kuhusu kusahihisha, maana najua mtanishika hapo. Ukiwa na wanafunzi 60, na ukitoa dakika tano tu kwa kila daftari, hizo ni dakika 300, yaani saa tano za zoezi moja. Hakuna mwalimu anayeweza kufanya hivyo kila juma akabaki na akili timamu. Na nini kinapatikana? Mwanafunzi hutazama alama, hufunga daftari, na wino wako mwekundu hausomwi na mtu tena.

Mwaka 1983 Richard Haswell, mwalimu wa uandishi wa Marekani, aliandika kuhusu njia aliyoitumia kwa makosa madogo: hakuyasahihisha, bali aliweka alama pembeni mwa mstari wenye kosa, akawaachia wanafunzi walitafute wenyewe. Waliyapata na kuyarekebisha zaidi ya nusu. Maana yake nini? Zaidi ya nusu ya makosa tunayoyapigia kelele mwanafunzi anaweza kuyaona mwenyewe, akipewa sababu ya kutazama. Mimi hutumia nukta ya penseli. Muda ninaookoa nautumia kwa jambo moja ambalo kalamu nyekundu haiwezi: naisoma insha mara ya kwanza nikiwa sijashika kitu mkononi, kama ninavyosoma hadithi, kisha naandika swali moja tu ambalo kweli nataka kujibiwa. "Kwa nini shangazi hakugeuka?" Si swali la mtego. Sijui jibu lake. Mwanafunzi anayeulizwa hivyo anaelewa kwamba amesomwa, na huandika tena bila kulazimishwa.

Mtihani? Ndiyo, mtihani upo, nao una saa yake na muundo wake, na ni wajibu wetu kuwazoesha wanafunzi kuandika wakiwa wamebanwa na muda. Huo ni ufundi mdogo, unafundishika kwa majuma machache kabla ya siku yenyewe. Msiutawanye mwaka mzima. Wala msiwakaririshe mianzo ya insha. Msahihishaji aliyekwisha kukutana na asubuhi ile ile yenye jua na ndege waimbao katika karatasi mia mbili hawezi kuipenda katika ya mia mbili na moja.

Nimesema ya kutosha, na mwenyekiti ameshaangalia saa mara mbili. Mbele ya kila mmoja wenu kuna karatasi moja iliyogeuzwa kifudifudi. Ni insha ya mwanafunzi, bila jina, na ina makosa mengi; mengine yatawauma. Tuna dakika 15. Wekeni kalamu zenu mkobani, igeuzeni karatasi, muisome mpaka mwisho. Kisha kila mmoja amgeukie jirani yake amwambie swali moja ambalo angependa mtoto huyu amjibu. Mimi nitapita kati yenu nikisikiliza, na nikisikia mtu ameanza na neno "sarufi", nitamwomba aisome tena.